Kilomita 427, dakika 75: umbali na muda wa ndege kati ya viwanja viwili hupatikanaje

Chukua viwanja viwili vidogo vya ndege, A na B, kisha uliza umbali kati yake. Utajibiwa kilomita 427. Mwingine atakwambia maili 266. Rubani atasema maili 231, na karatasi yake ya safari itaonyesha kilomita 454. Ukiuliza muda, hali ni hiyo hiyo: kikokotoo cha mtandaoni kitatoa dakika 62, tiketi itasema saa 1 na dakika 15, na abiria aliyewahi kupita njia hiyo kwa ndege ya jeti ataapa kwamba alikaa angani dakika 44 tu.

Hakuna aliyekosea. Kila tarakimu inajibu swali lake, na mkanganyiko huzaliwa pale jibu la swali moja linapobandikwa kwenye swali jingine. Hapa tutazifuata tarakimu hizo moja baada ya nyingine kwa kutumia viwanja viwili vya kubuni ili hesabu ionekane wazi. Uwanja A uko latitudo 12°00' kaskazini, longitudo 8°00' mashariki. Uwanja B uko 14°30' kaskazini, 11°00' mashariki.

Umbali wa kwanza: kutoka nukta hadi nukta

Uwanja wa ndege ni eneo, na njia moja ya kurukia peke yake inaweza kuwa na urefu wa kilomita 2 au 3. Ili umbali upimike, kila uwanja hupewa nukta moja rasmi ya rejea, ambayo kwa kawaida huwekwa karibu na katikati ya eneo la uwanja lilivyopangwa mwanzoni. Viwianishi vyake huchapishwa na mamlaka ya anga ya nchi husika, kwa kipimo cha dunia kiitwacho WGS 84, kile kile kinachotumiwa na GPS. Basi unaposoma "umbali kati ya viwanja", ni umbali kati ya nukta hizo mbili. Si kutoka jengo la abiria hadi jengo la abiria, wala si kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji. Hilo la miji lina uzito zaidi ya linavyoonekana: uwanja ukiwa kilomita 30 nje ya mji, umbali wa mji kwa mji unaweza kutofautiana na wa uwanja kwa uwanja kwa kiasi hicho hicho, juu au chini, kutegemea upande uwanja ulipo.

Njia fupi kuliko zote juu ya uso wa tufe hufuata duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Hesabu yake hufanywa kwa kanuni ya haversini, nayo inakubali kikokotoo chochote chenye sini na kosini:

1. Tafuta tofauti ya latitudo na tofauti ya longitudo. Kwetu ni nyuzi 2.5 na nyuzi 3.
2. Gawa kila tofauti kwa mbili, chukua sini yake, kisha iweke kipeo cha pili. Sini ya 1.25° kipeo cha pili ni 0.000476. Sini ya 1.5° kipeo cha pili ni 0.000685.
3. Zidisha ile ya longitudo kwa kosini za latitudo zote mbili: 0.000685 × 0.9781 × 0.9681 = 0.000649.
4. Jumlisha: 0.001125. Chukua kipeuo cha pili chake, yaani kinyume cha kuzidisha namba kwa yenyewe: 0.03354.
5. Tafuta pembe ya radiani ambayo sini yake ni hiyo, izidishe kwa 2, kisha kwa nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371. Jibu ni kilomita 427.4.

Kwa safari fupi kama hii kuna njia nyepesi inayotosha kabisa. Nyuzi moja ya latitudo ni karibu kilomita 111.2. Nyuzi moja ya longitudo ni 111.2 mara kosini ya latitudo ya katikati, kwetu 13.25°. Hivyo tunapata kilomita 278 kwenda kaskazini na kilomita 324.7 kwenda mashariki. Kwa Pythagoras, mshazari wake ni 427.4. Njia zote mbili zinaachana kwa mita 25 hivi tu. Yale mapinde makubwa yanayoonekana kwenye ramani za safari za kuvuka bahari ni kweli, lakini kwenye kilomita mia nne karibu na tropiki hayapo. Njia nyepesi huanza kukosea umbali unapokuwa mrefu, au viwanja vinapokuwa karibu na ncha za dunia.

Kuna jambo moja la ziada kwa wanaotaka usahihi. Dunia si tufe kamili: nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378.1, na kwenye ncha ni 6,356.8. Ukitumia umbo hilo lililobonyea badala ya tufe, umbali wa A hadi B unakuwa kilomita 426.9. Ni nusu kilomita tu. Tovuti mbili zikitofautiana kwa kiasi kidogo namna hiyo, sababu huwa ndiyo hiyo, na haina madhara kwa mtu yeyote anayepanga safari.

Tofauti kubwa hutokana na makosa ya uandishi. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kugeuza dakika za nyuzi kuwa desimali bila kugawa kwa 60. Latitudo 14°30' ni 14.50, si 14.30. Anayeandika 14.30 ameusogeza uwanja B kilomita 22 kusini, na kikokotoo hakitamwonya. La pili ni alama: kusini mwa ikweta na magharibi mwa Greenwich huandikwa kwa alama ya kutoa, na ikisahaulika uwanja unarukia upande wa pili wa dunia. Kosa hili angalau hujifichua, maana umbali unakuwa wa ajabu. La tatu ni kubadilisha nafasi za latitudo na longitudo. Kwa maeneo ambayo namba zote mbili ni ndogo, kosa hilo halijifichui hata kidogo.

Halafu kuna majina. San José ipo Costa Rica na San Jose ipo California, na kuna Sydney ya Australia na Sydney ya Kanada. Usitafute kwa jina, tafuta kwa herufi. Karibu kila uwanja wenye safari za ratiba una herufi tatu za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, zile zinazochapwa kwenye tiketi na kwenye lebo ya mzigo. Kwa kawaida una pia herufi nne za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zinazotumiwa na marubani na waongoza ndege. SJO (Costa Rica) na SJC (California) haziwezi kuchanganywa na mtu anayesoma vizuri.

Maili ipi?

Hapa ndipo 231 na 266 zinapotoka. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609. Maili ya baharini ni mita 1,852 kamili, kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1929 kwenye mkutano wa Monaco. Haikuchaguliwa ovyo: inakaribia sana dakika moja ya latitudo, kwa hiyo nyuzi moja ni maili 60. Baharia au rubani anaweza kupima umbali moja kwa moja kwenye ukingo wa ramani bila kugawa wala kuzidisha. Kasi ya maili moja ya baharini kwa saa huitwa noti. Ndege inayokwenda noti 270 inakwenda kilomita 500 kwa saa, sawa na maili 4.5 za baharini kwa dakika. Kumbuka hiyo 4.5, tutaihitaji.

Ukiona neno "maili" peke yake kwenye maelezo ya usafiri wa anga, uliza ni ipi. Tofauti ni asilimia 15, na kwenye safari ya kilomita elfu moja hiyo ni zaidi ya kilomita 150.

Umbali wa pili: njia inayopitwa kweli

Ndege haifuati ule mstari wa haversini. Huruka kwa njia iliyochapishwa ya kuondokea, inaunganika na njia ya anga inayopita kwenye nukta zenye majina ya herufi tano, kisha inafuata njia ya kuingilia hadi ilingane na njia ya kutua. Mahali penye maeneo ya kijeshi yaliyofungwa, milima, au mpaka wa nchi inayodai kibali, njia hupinda. Kwa safari za kimaeneo ongezeko la asilimia 3 hadi 10 juu ya mstari mnyoofu ni la kawaida. Kwa A na B tuchukue maili 245 za baharini badala ya 231, ambazo ni zile kilomita 454 za kwenye karatasi ya rubani.

Njia inaweza pia kurefuka ghafla bila viwanja kusogea hata mita moja. Baada ya anga ya Urusi kufungiwa mashirika mengi ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo ilitoka takriban saa 9 na nusu hadi takriban saa 13.

Dakika zinakwendaje

Kikokotoo kingi cha mtandaoni hutumia kanuni moja kwa dunia nzima: gawa umbali kwa kilomita 805 kwa saa, yaani maili 500 za nchi kavu, kisha ongeza dakika 30 za kuruka na kutua. Kwa kilomita 427 hiyo inatoa dakika 62. Kanuni hii iliundwa kwa kufikiria jeti kubwa kwenye safari ndefu, na kwa safari hizo inafaa. Kwa viwanja vidogo haifai, kwa sababu ndege inayopita huko mara nyingi ni ya rafadha (propela), na kasi yake haikaribii hiyo 805. ATR 72, ambayo ni ya kawaida sana kwenye njia za aina hii, husafiri kwa noti 270 hivi. Dash 8-400 hufika noti 360. Cessna Caravan yenye injini moja huwa kwenye noti 170 hadi 185. Jeti za kimaeneo kama Embraer 190 hufika noti 430 hadi 450.

Lakini hata kasi hizo ni za pale tu ndege inapokuwa imeshatulia kwenye kimo chake. Tuigawe safari ya A hadi B kwa ndege ya rafadha yenye noti 270, siku isiyo na upepo, kimo cha safari futi 18,000, uwanja A ukiwa futi 1,500 juu ya usawa wa bahari na B futi 1,000.

Kupaa ni futi 16,500. Kwa wastani wa futi 1,000 kwa dakika hiyo ni dakika 17, na kwa wastani wa noti 200 ndege itakuwa imekwenda maili 57. Ndege ikiwa nzito au hewa ikiwa ya joto, upaaji unazorota: hewa ya moto ni nyembamba, injini inapumua kidogo na bawa linabebwa kidogo. Siku ya jua kali dakika 17 zinaweza kuwa 22.

Kushuka hupangwa kwa kanuni ya tatu kwa moja: kila futi 1,000 za kushuka huhitaji maili 3 za baharini. Futi 17,000 zinahitaji maili 51, na kwa wastani wa noti 240 hizo ni dakika 13. Sehemu ya mwisho, ndege ikiwa imeshusha magurudumu na kujilinganisha na njia ya kutua, tuipe maili 12 kwa noti 140: dakika 5.

Kilichobaki kwa kasi kamili ni maili 245 toa 57, toa 51, toa 12, yaani 125. Kwa maili 4.5 kwa dakika ni dakika 28.

Jumla: 17, 28, 13 na 5 ni dakika 63 angani. Tazama hapo. Kasi inayotangazwa na mtengenezaji ilitumika kwa dakika 28 tu kati ya 63. Nusu ya umbali wote ndege ilikuwa inapanda, inashuka, au inajipanga kutua.

Weka jeti ya noti 430 kwenye njia hiyo hiyo. Itapanda hadi futi 26,000 kwa dakika 13 ikila maili 72, itashuka kwa maili 75 na dakika 14, itatumia dakika zile zile 5 za mwisho, na itabaki na maili 86 za kasi kamili, dakika 12. Jumla ni 44. Kasi imeongezeka kwa asilimia 59, na kilichookolewa ni dakika 19. Njia ikiwa fupi zaidi, tuseme maili 120, jeti haipati hata nafasi ya kutulia juu kabla ya kuanza kushuka. Hii ni sababu moja kubwa inayofanya mashirika yaendelee kununua ndege za rafadha kwa safari fupi: dakika wanazopoteza ni chache, na mafuta wanayookoa ni mengi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini rubani asibaki chini na kuokoa muda wa kupanda. Jibu liko kwenye hewa. Kipimo cha kasi ndani ya ndege husoma msukumo wa hewa, si mwendo juu ya ardhi. Kwenye futi 18,000 hewa ina uzito wa asilimia 57 tu ya ile ya usawa wa bahari, hivyo kipimo kikisoma noti 200, ndege kwa kweli inakata hewa kwa noti 265 hivi. Chini, kipimo kile kile na msukumo ule ule vingekupa noti 200 tu. Zaidi ya hapo, chini ya futi 10,000 sehemu nyingi za anga zina ukomo wa noti 250, kwa hiyo jeti inayobaki chini inajifunga yenyewe.

Upepo, na sehemu ambayo watu huisahau

Ndege hukata hewa, na hewa yenyewe inatembea. Upepo wa noti 30 kutoka mbele unageuza noti 270 kuwa 240 juu ya ardhi, na ule wa nyuma unaifanya 300. Kwa maili zetu 125 za juu ni dakika 31 dhidi ya 25. Manahodha wa majahazi walijua zamani kwamba pepo za omo hula muda kuliko zile za nyuma zinavyourudisha, na hesabu inawaunga mkono. Chukua kilomita 400 kwa ndege ya kilomita 500 kwa saa. Bila upepo, kwenda na kurudi ni dakika 96. Kukiwa na upepo wa kilomita 100 kwa saa, upande mmoja ni dakika 40, upande wa pili 60, jumla 100. Haufidii, kwa sababu ndege inakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo mbaya kuliko ndani ya ule mzuri. Hata upepo wa ubavuni unapunguza kidogo, maana pua ya ndege lazima ielekezwe upande ili isisukumwe nje ya njia.

Sasa sehemu inayosahaulika. Ndege huruka na kutua ikikabili upepo wa ardhini. Namba ya njia ya kurukia ni mwelekeo wake wa sumaku uliogawanywa kwa kumi: njia 05 inaelekea karibu nyuzi 50, na mwisho wake wa pili ni 23, nyuzi 230. Safari yetu kutoka A kwenda B inaelekea karibu nyuzi 49. Tuseme viwanja vyote viwili vina njia 05/23.

Upepo ukitoka kaskazini-mashariki, ndege inaruka kwa 05 ikielekea moja kwa moja inakokwenda, inapambana na upepo huko juu, kisha inatua kwa 05 bila kupinda. Upepo ukitoka kusini-magharibi, huko juu inasukumwa vizuri. Lakini huko A ndege inaruka kwa 23, ikielekea kinyume, na kulazimika kugeuka. Ikifika B lazima ipite kando ya uwanja, isonge mbele maili kadhaa, igeuke, na irudi kutua kwa 23. Maili 10 hadi 15 za kasi ndogo upande wa kutua, pamoja na mgeuko wa kuruka, ni dakika 6 hadi 8. Upepo wa nyuma uliokupa dakika 3 juu umekudai mara mbili zaidi chini. Kwenye safari ndefu hilo halionekani. Kwenye safari ya saa moja linaweza kugeuza matokeo yote, na ndiyo maana abiria hushangaa rubani akitangaza upepo mzuri halafu ndege inachelewa. Upepo wa juu na wa ardhini si lazima ulingane, hivyo zipo pia siku ambapo unapata faida zote mbili.

Viwanja vidogo vina ugumu mwingine. Vingi vina vifaa vya kumwongoza rubani kutua kwa ala, bila kuona nje, upande mmoja tu wa njia. Mawingu yakiwa chini na upepo ukitaka upande wa pili, rubani hushuka kwa upande wenye vifaa mpaka aione njia, kisha anazunguka kwa macho kwenda upande mwingine. Mahali pasipo na rada, mwongoza ndege hawezi kuzisogeza ndege mbili karibu karibu kwa kuzitazama kwenye skrini. Huzitenganisha kwa muda, vimo na taarifa za marubani, hivyo ndege ya pili inaweza kusimamishwa juu. Mzunguko mmoja wa kusubiri chini ya futi 14,000 ni dakika 4: dakika moja ya kugeuka, moja ya kunyooka, moja ya kugeuka, moja ya kunyooka. Ukiona ramani ya ndege yako imechora umbo la yai, hesabu mayai na zidisha kwa nne. Kutua kukishindikana na rubani akaamua kupaa tena, ongeza dakika 10 hadi 15.

Dakika 75 za tiketi

Ratiba hazihesabu muda wa angani. Huhesabu kutoka ndege inapoachia breki kwenye maegesho hadi inapoziweka tena kwenye maegesho ya pili. Ongeza dakika 8 za kutembea ardhini A na dakika 4 B, na dakika 63 zinakuwa 75. Kwa viwanja vikubwa hiyo 12 inaweza kuwa 30 au zaidi, kwa sababu ya foleni ya kuruka na umbali wa njia kutoka kwenye jengo.

Ukigawa kilomita 427 kwa dakika 75 unapata kilomita 342 kwa saa. Ndiyo kasi ya kweli ya safari hii, theluthi mbili tu ya ile 500 iliyoandikwa kwenye kipeperushi cha ndege.

Mashirika hayaweki hesabu hii kwa nadharia pekee. Hutazama kumbukumbu za safari zilizopita kwa msimu ule na saa ile, kisha huchagua muda ambao sehemu kubwa ya safari zitautimiza. Ndiyo maana njia moja inaweza kuwa na dakika 75 asubuhi na 85 jioni, au upande mmoja kuwa mrefu kuliko wa pili. Ndiyo maana pia ndege inaweza kuondoka ikiwa imechelewa dakika 10 na kufika kwa wakati: muda wa akiba ulikuwa umeshatiwa ndani. Takwimu nyingi za uaminifu wa ratiba huhesabu ndege imefika kwa wakati ikiwa haijachelewa dakika 15.

Kuna muda mwingine ambao abiria hauoni kabisa, wa kwenye tangi. Kwa viwango vya ICAO, ndege ya injini za tabo (turbini) kwenye safari hii hubeba mafuta ya kutembea ardhini na ya dakika 63 za njia. Juu yake huwekwa akiba ya dharura ya asilimia 5, isiyopungua ya dakika 5 za kuzunguka. Kisha mafuta ya kwenda uwanja mbadala, tuseme dakika 35, na akiba ya mwisho ya dakika 30 kwenye futi 1,500 juu ya uwanja. Ni zaidi ya saa 2 za mafuta kwa safari ya saa moja. Viwanja vidogo vikiwa mbali mbali na uwanja mbadala ukiwa mbali, uzito wa mafuta unakula nafasi ya mizigo. Begi lililoachwa nyuma kwenye ndege ndogo mara nyingi limeachwa na hesabu hii.

Kukadiria mwenyewe

Chukua umbali mnyoofu kwa kilomita, uzidishe kwa 1.06. Gawa kwa kasi ya ndege kwa dakika: kilomita 8.3 kwa ATR 72, 11 kwa Dash 8-400, 13.3 kwa jeti ya kimaeneo. Ongeza dakika 20 ikiwa viwanja vyote viwili ni vidogo, 30 hadi 35 ikiwa kimoja ni kikubwa na chenye foleni. Kwa A na B: 427 mara 1.06 ni 453, gawa kwa 8.3 ni 55, ongeza 20, unapata 75. Kwa ndege ndogo ya injini moja nyongeza ni pungufu, dakika 12 hadi 15, kwa sababu kasi yake ya kupaa haiachani sana na ya kusafiri.

Aina ya ndege huandikwa kwenye maelezo ya tiketi, mara nyingi kwa kifupi: AT7 ni familia ya ATR 72, DH4 ni Dash 8-400, E90 ni Embraer 190. Soma hapo kabla ya kukadiria chochote.

Angalia pia saa. Muda wa kuondoka na wa kufika huchapwa kwa saa za mahali husika. Ukivuka mpaka wa majira, kutoa namba moja kwenye nyingine hakukupi muda wa safari. Geuza zote mbili ziwe UTC, saa ya rejea ya dunia nzima, kwanza, kisha toa. Na kwa anayesoma saa kwa Kiswahili kuna mtego wa pili: 07:30 kwenye tiketi ni saa moja na nusu asubuhi, si saa saba na nusu, na 14:20 ni saa nane na dakika ishirini mchana. Unapomwandikia mtu muda wa ndege, andika tarakimu za tiketi kama zilivyo, kisha uongeze asubuhi, mchana au usiku kwa maneno.

Ukitaka uhakika kuliko makadirio, fungua kumbukumbu ya namba ya safari kwenye tovuti za kufuatilia ndege na uandike muda wa maegesho hadi maegesho wa safari kumi za kwenda na kumi za kurudi. Tupa ile iliyochelewa kupita kiasi kila upande. Wastani wa kwenda ukiwa dakika 74 na wa kurudi 82, basi njia yenyewe ni dakika 78 hivi, na zile 4 za kila upande ni za upepo na za upande wa kurukia unaotumika zaidi katika msimu huo. Rudia hesabu upepo wa msimu unapogeuka, na panga ndege ya kuunganisha kwa kutumia safari iliyochelewa kuliko zote kati ya zile ulizobakiza, si kwa wastani.